Jina Letu Haliuzwi: Ilani ya Wenye Biashara wa Rubafu

Ndugu wa Rubafu, wa Kaagya na Kishanje, ndugu wa Bukoba mjini, wa Kamachumu, wa Muleba hadi visiwani! Ninyi mnaoanika dagaa, mnaovua sangara, mnaouza kahawa, vanila na senene, mnaopangisha vyumba vinavyotazama ziwa: zama mpya zimewadia. Zama za kulipa Marekani ili tuonekane na jirani yetu zimefika ukingoni, na sisi ndio tunaozifunga.

Tunaamini kwamba anayetafuta chumba Rubafu anastahili kumpata mwenye chumba Rubafu. Jambo hili dogo ndilo lililowashinda wakubwa wa matangazo ya utafutaji. Oktoba 2000 Google ilianza kuwauzia wafanyabiashara nafasi za matangazo kando ya majibu yake. Leo kila swali linaloandikwa kwenye simu linaweza kupigiwa mnada kufumba na kufumbua, na mshindi hutozwa kila tangazo lake linapobofywa. Katika mnada huo gesti ya vyumba vichache inasimamishwa uwanja mmoja na dalali wa vyumba wa dunia nzima. Huo si ushindani, na hatutauita hivyo tena.

Tunakataa kununua jina letu wenyewe. Kwa kanuni za mnada huu, mtu baki anaweza kulilipia jina la biashara yako liwe chambo cha kuleta tangazo lake. Mama ameijenga nyumba ya wageni kwa akiba ya miaka, akaipa jina la bibi yake, akalipaka ukutani, akalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mgeni aliyesifiwa nyumba hiyo analiandika jina kwenye simu yake, na kinachotangulia ni tangazo la dalali aliye mbali, ambaye hajawahi kuikanyaga Bugabo yetu. Mama akitaka kurudi juu, naye alipe. Akilipa, anamlipia mgeni ambaye tayari alikuwa wake. Asipolipa, dalali anamletea mgeni huyohuyo na kukata kamisheni. Kwa njia zote mbili pesa imeondoka ziwani. Jina alilolirithi mtu si bidhaa ya mnada, wala halitakuwa.

Tunakataa mnada wa gizani. Nchi hii inaijua minada. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba walisikia bei za wanunuzi, wakaona haziwafai, wakasema hapana hadharani, na nchi nzima ikawasikia. Katika mnada wa utafutaji hakuna anayesomewa bei. Unataja kiwango chako cha juu, mashine inaupima ubora wa tangazo lako kwa vigezo vyake, kisha inaamua. Umepanga bajeti ya siku, lakini kwa siku moja Google inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili yake, mradi hesabu ya mwezi isipitilize. Umechagua Kagera, na usipoubadilisha mpangilio unaoukuta, tangazo lako linawafikia hata walio mbali walioonyesha tu kuvutiwa na Kagera. Mwanafunzi wa Toronto anayeandika insha kuhusu Ziwa Victoria anabofya, na Rubafu inalipa.

Ndugu, hii ni butura! Mkulima aliyebanwa na ada ya shule huiuza kahawa ikingali ua, kwa bei ya mwenye fedha, na mavuno yakija si yake. Nasi tumekuwa tukiwalipia wateja wakingali ua. Kagera imeipiga vita butura shambani kwa miaka mingi, na haitaikaribisha kwenye simu.

Tunakataa kuhukumiwa na mashine. Akaunti ya matangazo huweza kufungwa usiku, sababu ni sentensi moja ya Kiingereza, na rufaa hujibiwa bila uso wa mtu. Msimu wa senene hausubiri majibu.

Tunaamini kwamba hatuko peke yetu, na kwamba kesi kama hii imeshaanza kuamuliwa. Julai 2023 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilihitimisha kwamba utafutaji wa Google unawaelekeza wateja kwa majukwaa makubwa, na wadogo wa nyumbani wanaumia. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imeshikilia ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa Virginia akafikia uamuzi kama huo kuhusu mitambo ya matangazo. Canada nayo iliishtaki kampuni hiyo mwezi Novemba 2024, wakati wafanyabiashara wake wanaotangaza huko wakiongezewa asilimia 2.5 kwenye ankara ili kufidia kodi ambayo serikali yao ilikuwa imeyawekea makampuni makubwa ya mtandao. Ndugu wa Canada, tunawasikia kutoka upande huu wa ziwa.

Tunaamini katika njia ya wazee wetu. Miaka ya 1930 Klemens Kiiza aliwakusanya wakulima wa Kihaya wauze kahawa kwa chama chao, na mwaka 1950 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba. Hawakungoja mnunuzi awe mwema. Walishika mizani wenyewe.

Tunaamini katika daftari la utafutaji litakalomilikiwa na ushirika, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, ambamo kila biashara ya Kagera ina nafasi. Ada italipwa kwa shilingi na kwa simu, kama tulivyozoea kulipana tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Bei itakuwa moja, itabandikwa ofisi ya kata, na mama wa gesti ataisoma sawa na mwenye hoteli. Jina litabaki la mwenyewe. Lalamiko litasikilizwa na watu, kikaoni, ana kwa ana. Abiria atakayeshuka bandarini Bukoba kutoka MV New Victoria akiuliza samaki, atajibiwa na mvuvi. Mhaya aliyeko Muscat akitafuta senene, atampata anayewakaanga, si tangazo la aliyenunua neno hilo.

Tunaamini kwamba Serikali ina deni kwetu. Tangu 1 Julai 2022 inatoza asilimia 2 kwenye malipo ya huduma za kidijitali za makampuni ya nje. Tunadai sehemu ya kodi hiyo ijenge daftari hili. Tunadai pia Tume ya Ushindani ya Tanzania ichunguze biashara ya kununua majina ya wengine, kwa kuwa mnyonge mmojammoja hana wakili wa kumpeleka California.

Ndugu, kazi inaanza sasa. Kila kijiji kichague watu wawili, kijana anayeijua simu na mzee anayewajua watu. Wapite nyumba kwa nyumba, mwalo kwa mwalo, waandike jina la biashara, kazi yake na namba ya simu ya mwenyewe. Na wewe unayelipia jina lako leo, simamisha malipo hayo, kisha njoo uandikishwe.