Tundu Hulipiwa Ukingoni Mwake

Msafiri apitaye Katesh wilayani Hanang, au Dongobesh wilayani Mbulu, huwakuta mafundi wa pancha wakijaza upepo matairi ya malori na matrekta. Kando yao huunguruma kompresa yenye tangi la chuma. Hospitalini nako, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, vifaa vya upasuaji hutakaswa kwa mvuke ndani ya chombo kilichofungwa barabara. Vyombo hivi vyote hubeba kanieneo kubwa, na kila kimoja kina matundu ya kupitishia mabomba. Rai yangu ni kwamba hatari kubwa imo katika matundu hayo, nasi hatuwafundishi vijana wetu jambo hili.

Tuchukue tangi lenye nusu kipenyo cha milimita 200, unene wa milimita 4, na kanieneo ya megapaskali 0.8, yaani takriban mara nane ya ile ya angahewa. Mkazo unaolizunguka tangi hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa unene: megapaskali 40. Chuma cha kawaida huanza kulegea karibu na 250. Kwa hiyo tangi ni salama. Lakini toboa tundu, na mkazo ukingoni mwake hufika mara mbili na nusu, yaani 100. Kutu ikila nusu ya unene, hufika 200. Hapo uchomeleaji mbaya, pamoja na kujaza na kupunguza upepo kila siku, huweza kuanzisha ufa. Mjerumani Kirsch alikwisha kuonyesha mwaka 1898 jinsi tundu linavyozidisha mkazo katika bamba linalovutwa.

Fundi cherehani akikata tundu la kifungo, hushona ukingo wake kwa uzi, shati lisije likararuka. Mhandisi naye huchomelea pete ya bamba kuzunguka mdomo wa bomba. Kanuni yake ni kulipa chuma kilichoondolewa. Tundu la milimita 50 katika bamba la milimita 4 huondoa milimita za mraba 200 za mkato. Pete ya unene huohuo, yenye kipenyo cha nje cha milimita 100, hurudisha 200 zilezile. Chuma kilichowekwa mbali zaidi husaidia kidogo tu.

Wako wasemao kwamba yatosha kuongeza unene wa tangi zima. Ni kweli litakuwa imara, lakini huko ni kupoteza chuma, na nchi yetu haina chuma cha kupoteza.

Hata hivyo, pete si ruhusa ya kutoboa matangi makuukuu. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji aliyefuzu, nalo tangi sharti lipimwe kwa maji kwanza. Maji hayabonyei kwa urahisi, hivyo tangi likipasuka hayarushi vipande kama hewa iliyoshindiliwa.

Walimu wa fizikia, wapelekeni wanafunzi gereji iliyo jirani wakiwa na futi na daftari. Wapime kipenyo cha tangi, wasome geji, wakague ukingo wa kila bomba, kisha wapige hesabu hii. Huenda fundi akawasikiliza, akaacha kutoboa tangi alilokusudia kulitoboa. Mtihani hautoi alama kwa jambo hilo, lakini fundi huyo atarudi nyumbani salama.