SIKU YA SOKO NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu wafanyi kazi,

Katika mikutano ya matawi twazungumza juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Mambo hayo ni ya haki na hatutayaacha. Lakini liko jambo moja ambalo halipewi nafasi yake, nalo ni soko la wiki. Sisi tuandikao haya ni watu wa njia, watu wa nyundo na mataruma, na wengi wetu twakaa katika stesheni ndogo mbali na miji. Kwetu sisi mshahara si ile hesabu iliyoandikwa katika karatasi mwisho wa mwezi. Mshahara ni kile kinachoingia kapuni siku ya soko. Gorogoro ikipunguzwa, mshahara wetu umekatwa, na hapana mkubwa aliyetia sahihi yake.

Wako watu wasemao, "Soko ni mambo ya akina mama na wakulima, Chama kina habari gani nalo?" Hao twataka kuwajibu.

Kwanza tukumbuke masoko haya yametoka wapi. Kabla reli haijaja, watu wa nchi hii walikuwa na siku zao za soko. Wakikuyu walikutana sokoni kila siku ya nne, na Wamijikenda wa pwani nao walihesabu juma la siku nne. Kisha reli ikaanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kila palipowekwa stesheni palitakiwa maji, kuni na chakula, na mahali penye watu wa mshahara hapakosi mwuzaji. Tazama Emali, Makindu, Kibwezi na Sultan Hamud, mji ambao jina lake ni la Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu 1896 mpaka 1902. Tazama na Karatina, katika njia iliyofika Nanyuki mwaka 1930. Wakati wa Vita Kuu vya Pili palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za askari. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, lakini soko la Karatina lipo hata leo na sifa yake imeenea. Hilo ni fundisho. Mnunuzi mmoja mkubwa aweza kuondoka siku yo yote, bali soko la watu wengi wadogo hudumu.

Pili, tufahamu kazi ya siku ya soko. Katika nchi kavu watu wakaa mbalimbali. Mama mmoja ana kuku wawili, jirani yake ana debe la kunde, na mzee wa Kimasai ana mbuzi mmoja wa kulipia karo ya mtoto. Kila mmoja akikaa kwake, hapana mnunuzi atakayemfuata. Lakini wakikutana siku moja mahali pamoja, lori laja kutoka mbali kuwatafuta. Mwuza nguo naye, na mwuza majembe, na mwenye dawa za mifugo, wapiga mzunguko: leo soko hili, kesho lile. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana Ijumaa pale Emali mifugo ya Wamasai hukutana na nafaka na matunda ya Wakamba. Ndiyo maana Kimana wana Jumanne yao. Na Taveta, Jumatano na Jumamosi, hata watu wa ng'ambo ya mpaka wa Tanzania huja na bidhaa zao.

Siku hiyo ndiyo mtu hujua bei. Kweli, siku hizi simu ya mkononi yaweza kueleza bei, na pesa za simu zilizoanza mwaka 2007 zimepunguza hofu ya kunyang'anywa njiani. Lakini simu haishiki mbavu za mbuzi, wala haitii mkono ndani ya gunia kujua kama mahindi yana unyevu. Jambo la unyevu si dogo. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, na mahindi yenye sumu yalionekana hata sokoni. Mahindi yakiuzwa juu ya ardhi yenye tope, bila paa wala jukwaa, anayeyanunua anacheza na maisha ya watoto wake.

Sasa tutaje taabu za masoko haya.

Taabu ya kwanza ni ushuru. Katiba ya 2010 iliyakabidhi masoko kwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Hatupingi ushuru. Soko lataka maji, vyoo na mtu wa kufagia, na vitu hivyo havitoki mbinguni. Tunachopinga ni mama kutozwa penye kizuizi cha barabara kwa sababu gunia limepita, kisha kutozwa tena mlangoni, kisha kurudi nyumbani bila kuona choo. Katiba yenyewe, kifungu cha 210, yasema hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa. Na kifungu cha 209 chakataza kaunti kutoza kodi kwa namna ya kudhuru biashara ipitayo mipaka ya kaunti au kuzuia mwendo wa mali. Basi mtu yeyote atakiwaye kutoa pesa ana haki ya kuuliza: ni sheria gani, na risiti i wapi? Sisi wafanyi kazi tumezoea kuuliza hivyo juu ya makato ya mshahara. Tuwafundishe na mama zetu kuuliza juu ya ushuru.

Taabu ya pili ni kipimo. Mkulima anapouza, gunia hujazwa mpaka linavimba na kushonewa kilemba juu, nayo ndiyo lumbesa. Sisi tunaponunua, gorogoro ile ile imebondwa kitako. Mkulima ametoa zaidi, mfanyi kazi amepata pungufu, na tofauti imebaki katikati. Kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka gunia lisilozidi kilo 50. Kanuni ni nzuri, lakini kanuni isiyo na mizani ni karatasi tu. Mizani moja iliyopigwa muhuri, ikiwekwa mlangoni mwa soko, mahali ambapo kila mtu aiona, itafaa kuliko hotuba kumi.

Hapa wako ndugu watakaotuuliza, "Mfanyi kazi ataka mahindi rahisi, mkulima ataka mahindi ghali. Mtakuwaje upande mmoja?" Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba mfanyi kazi wa njia ni mtoto wa mkulima, na sehemu ya mshahara wake hurudi shambani kila mwezi. Tena, kati ya bei apatayo mkulima na bei tulipayo sisi pana shimo, na humo ndani mna ushuru wa mara mbili, kipimo cha uongo, na nauli ya lori. Shimo likifukiwa kidogo, mkulima aweza kupata zaidi nasi tukalipa kidogo, bila mmoja kumwibia mwenziwe. Wala hatusemi dalali ni mwizi. Dalali ana lori, na nyanya zikioza njiani hasara ni yake. Lakini mahali ambapo lori ni moja, mwenye lori hutaja bei peke yake, na huo si uuzaji bali ni kuamriwa.

Taabu ya tatu ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ni mahali pa kukaa.

Zamani soko lilikaa karibu na stesheni kwa sababu gari la moshi lilisimama hapo. Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Treni ya abiria ya njia ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma, na tarehe 31 Mei njia mpya ikafunguliwa. Hatusemi njia mpya ni mbaya, maana ni ya haraka na watu waipenda. Treni ya vituo husimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Lakini si kila mji wa njia ya zamani uliopata stesheni katika mpya. Sultan Hamud na Makindu hazimo. Na mama mwenye magunia matatu ya maembe si abiria ambaye treni ya namna hiyo ilitengenezewa. Basi soko limeifuata barabara. Watu wamepanga vitu vyao ukingoni mwa lami, kwa kuwa huko ndiko mnunuzi apitako.

Matokeo yake twayajua. Tarehe 30 Juni 1923 hakukuwa na malori ya namna hii. Tarehe 30 Juni 2023 yalikuwako. Jioni hiyo, pale njia panda ya Londiani, lori lilishindwa kusimama likawavamia wachuuzi, abiria na watu wa pikipiki waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Walikuwa wakiuza na kununua kama siku zote. Hawakukaa pale kwa ujinga. Walikaa pale kwa sababu riziki imehamia barabarani.

Na huku, ndugu, viko viwanja vya stesheni ndogo ambavyo majani yameota. Vina ardhi iliyosawazishwa. Vingine vina jukwaa lililoinuka, na banda la mizigo lenye bati juu. Soko halina paa, na paa halina soko, na baina yao ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Sisi twasema: viwanja hivyo vifunguliwe kwa wachuuzi siku ya soko.

Twajua yatakayosemwa. Neno la kwanza litakuwa hatari ya treni, na hilo hatulipuuzi, maana ndiyo kazi yetu. Magari ya mizigo bado hupita katika njia za zamani, na gari lenye mamia ya tani halisimami kwa kupungiwa mkono. Sisi ndio tuwafukuzao wachuuzi wanaotandaza nguo juu ya reli, na watuona adui, ijapokuwa twalinda roho zao. Lakini kuwafukuza bila kuwaonyesha pa kwenda ni kazi isiyokwisha: leo waondoka, kesho warudi. Basi uwekwe ua kati ya uwanja na njia, na mlango mmoja tu wa kuvukia, na mtu wa bendera asimame hapo tangu asubuhi mpaka soko livunjike. Saa za magari ya siku hiyo zibandikwe mlangoni kwa Kiswahili. Na huyo wa bendera asiwe mtu aliyeongezewa kazi bure. Alipwe saa zake za ziada, hapo ndipo Chama kinapoingia.

Neno la pili litakuwa, "Mkiwapa wachuuzi uwanja, kesho watu wenye nguvu watajenga maghorofa na ardhi ya Reli itakwisha." Hofu hii ina msingi. Basi ruhusa iwe ya siku moja katika wiki, isiwe ya kujenga. Asubuhi waingie, jioni watoke, na jina la mtu mmoja lisiandikwe juu ya kipande cho chote. Kwa kweli ardhi inayotumiwa na watu mia mbele ya macho ya wote ni vigumu kuinyakua kuliko ardhi iliyolala.

Neno la tatu litakuwa pesa. Ua na bendera vyataka pesa. Nasi twauliza: ushuru wa soko ni wa nini? Kaunti ikusanyayo ushuru na Reli yenye uwanja wakae meza moja, wapatane. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, masoko mengi yalifungwa kwa amri, na kila mtu akaona jinsi nyumba zilivyotikisika, ya mkulima na ya mfanyi kazi pia. Baada ya kuona hayo, hapana awezaye kusema kwamba soko la wiki ni jambo dogo.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lilete mambo manne katika mkutano ujao. Moja, wajumbe wahesabu viwanja vya stesheni visivyotumika vilivyo karibu na masoko, na waandike hali ya kila kimoja. Mbili, Chama kiombe kukutana na wakubwa wa Reli na wa kaunti juu ya ruhusa ya siku ya soko, ua, na malipo ya mtu wa bendera. Tatu, kila soko liwe na mizani ya wazi yenye muhuri, na ushuru utozwe mara moja kwa risiti. Nne, wafanyi kazi wa kila stesheni ndogo wanunue mahindi kwa pamoja, magunia makavu yaliyopimwa, moja kwa moja kwa mkulima, wakati wa mavuno. Jambo hili la nne halingoji ruhusa ya mtu.

Ndugu wa mijini, wa karakana na wa ofisi, msiseme haya ni ya watu wa porini. Mboga mnayokula imepita mikononi mwa mama aliyekaa kando ya lami akisikiliza kama lori limeshika breki. Tumtoe hapo kabla ya Londiani nyingine.

Ni sisi, wa magenge ya njia.