Dripu ni Dawa, Iandikwe Kama Dawa

Mgonjwa akilazwa Mbeya, Mafinga au Tukuyu bila kutundikiwa dripu, ndugu zake huanza kunong'ona kwamba hajahudumiwa. Wapo pia wanaotoa fedha zao mfukoni ili wawekewe "maji ya kuongeza nguvu" kwa uchovu ambao uji na usingizi vingeutosha. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya figo, nasi tunalifungua kwa hoja moja: dripu ni dawa. Isipoandikiwa aina, kipimo na ukomo, inaweza kuziumiza figo zilezile tunazodhani tunaziokoa.

Tuanze na dripu ya chumvi, ile ambayo wauguzi huiita NS. Lita moja ina gramu 9 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kloraidi yake ni milimoli 154 kwa lita; ya damu ni kama 100. Kloraidi ikizidi, mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo hubana, uchujaji hupungua na asidi hupanda mwilini. Wingi wa maji nao una madhara yake. Figo imevikwa utando usiotanuka kwa urahisi, hivyo ikivimba kwa maji, damu hupita humo kwa taabu. Mkojo ukipungua, mtoa huduma asiye makini hudhani mgonjwa bado ana kiu, akatundika chupa nyingine.

Onyo kubwa zaidi lilitokana na dripu za wanga, zilizosifiwa kwamba hukaa muda mrefu ndani ya mishipa. Mwaka 2012, utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa mahututi wenye maambukizi makali ulionyesha kuwa asilimia 22 ya waliopewa wanga walihitaji kuchujwa damu kwa mashine, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa Ringa, dripu ya chumvi iliyochanganywa ili ikaribiane na maji ya damu. Waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 51 kwa 43. Umoja wa Ulaya ulisitisha vibali vya dripu hizo mwaka 2022.

Kuhusu NS na Ringa, haki itendeke. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 15,802, ulikuta kwamba kufariki, kuchujwa damu au kubaki na figo dhaifu kuliwapata asilimia 15.4 ya waliopewa NS na asilimia 14.3 ya waliopewa maji yanayokaribiana na damu. Tafiti za Brazili mwaka 2021 na za Australia na New Zealand mwaka 2022 hazikuona tofauti ya maana. Kwa hiyo hatudai NS ipigwe marufuku. Tunadai anayeiandika ajue kwa nini ameichagua.

Ushahidi wa karibu na kwetu unahusu kiasi na kasi. Utafiti wa FEAST, uliotoka mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Muheza mkoani Tanga, wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Kati ya waliojazwa maji haraka, asilimia 10.5 hivi walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiojazwa, asilimia 7.3. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Lusaka, ng'ambo ya Tunduma, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka: waliopewa maji mengi mapema kwa mwongozo maalumu walifariki asilimia 48, wa huduma ya kawaida asilimia 33.

Asije mtu akasoma haya akang'oa dripu ya mgonjwa wa kipindupindu au ya mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Hao figo zao hufa kwa kukosa maji na damu, na watoto wa kuharisha hawakuingizwa katika FEAST kwa sababu hiyohiyo. Ila mwenye kuharisha anayeweza kunywa, apewe ORS.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, figo ikishaharibika safari ni ndefu. Kuchujwa damu ni kazi ya hospitali kubwa chache, tena mara kadhaa kwa wiki. Upandikizaji ulianza nchini mwaka 2017 Muhimbili, kisha 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mkulima wa Mbarali au Kilolo atauza shamba kabla hajafika huko.

Kinga yake, kwa upande wa dripu, haihitaji mashine. Kila faili lionyeshe aina ya maji, kiasi, kasi, sababu na saa ya kusimamisha. Mkojo upimwe kwa mililita, maana kuandika "anakojoa" hakutoshi. Mapafu yasikilizwe kabla ya chupa ya pili. Na ndugu aliyekaa pembeni ya kitanda ana haki ya kuuliza: hii ni ya nini, na itaisha lini? Mganga anayeijua kazi yake atakuwa na jibu.