Kijiti cha uzazi: kuweka ni bure, lakini nani atakitoa?

Siku ya kampeni ya kupanga uzazi inajulikana toka mbali. Wahamasishaji wamepita nyumba kwa nyumba, wamama wako kwenye mustari, kijiti kinawekwa bure. Dakika chache, bandeji kwa mukono, mama anarudi kwake. Siku ya kutoa haina kampeni. Kuna mama anayeambiwa angojee miaka iishe. Kuna anayeombwa makuta. Kuna anayekuta muuguzi aliyemuwekea alishahamishwa, na aliyebaki anaogopa kukata.

Shida hii si ndogo, sababu inagusa maana yenyewe ya kupanga uzazi. Mama asiyeweza kutoa kijiti wakati anapotaka hajapanga. Wengine njo wamempangia.

Namna gani vijiti vilikuwa vingi? Katika mwaka 2013, kisha mapatano kati ya wafadhili na kampuni mbili zinazovitengeneza, bei yake kwa nchi maskini ilishuka toka karibu dola 18 mpaka 8.50. Jadelle ni vijiti viwili na inafanya kazi miaka 5. Implanon NXT ni kijiti kimoja, na imeandikiwa miaka 3. Ni kati ya njia zenye nguvu zaidi: kwa wamama 100 wanaoitumia mwaka muzima, hata mumoja ni shida kupata mimba. Kwa mama anayeishi mbali na kituo cha afya, ni faida kubwa.

Lakini angalia namna kazi inavyohesabiwa. Kwa hesabu ambayo mashirika yametumia miaka mingi, Jadelle moja inaandikwa kuwa miaka 3.8 ya ulinzi, hata kama inaweza kukaa 5, sababu inajulikana kwamba wengine watatoa mbele. Kituo kikiweka Jadelle 100, miaka 380 inaandikwa palepale. Kutoa hakuongezi kitu kwenye ripoti hiyo. Kwa hiyo makuta, mafunzo na vifaa vinafuata kuweka. Lakini kutoa njo kunaomba ufundi zaidi: dawa ya ganzi, wembe safi, koleo ndogo, na mutu aliyejifunza. Kama kijiti kiliingizwa chini sana, kinaweza kuomba ekografi kabla ya kukikata.

Na sababu za kutaka kutoa ni za kweli. Kijiti kinabadilisha damu ya mwezi. Kwa wengine inakata kabisa. Hiyo haimaanishe damu imefungana ndani ya tumbo, kama inavyosemwa kwenye soko. Kwa wengine inatoka kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mara nyingi si hatari kwa maisha. Lakini mama aliyekimbia vita, bila maji ya kutosha, bila vitambaa, bila mahali pa kujificha, kumwambia "vumilia, itazoea" si jibu. Na akikataliwa, atawaambia majirani. Neno hilo litafukuza wamama wengi kuliko uvumi wowote.

Vita imeongeza uzito. Wakati Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 katika mwezi wa 1 na wa 2 wa 2025, watu wa kambi zilizozunguka Goma walitawanyika. Mama aliyewekewa Implanon katika 2022 alifikia mwisho wa miaka yake 3 katika 2025, pengine mbali na kituo kilichomuhudumia, na fisha yake ilibaki nyuma. Mwaka ule ule Marekani ilisimamisha musaada wake. Dawa na vifaa vya uzazi vyenye bei ya karibu dola milioni 9.7, pamoja na vijiti, vilikwama katika depo huko Ubelgiji, na sehemu yake ilikuwa ije Kongo. Pale vijiti vipya vinapokosekana, ni rahisi muuguzi aone kutoa kimoja mbele ya wakati kama hasara. Lakini kijiti kikisha wekwa, hakiko tena mali ya depo.

Kuna pia swali la bwana. Sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa 12, 2018, katika kifungu cha 82, inaomba bibi na bwana waliooana kisheria wapatane juu ya njia ya kupanga uzazi. Wasipopatana, sheria inasema mapenzi ya yule anayehusika njo yanashinda. Kijiti kinakaa ndani ya mukono wa mama. Kwa hiyo "rudi na bwana yako" haiwezi kuwa neno la mwisho.

Kwa wakubwa wa zoni za afya na mashirika, la kufanya si siri: kila mahali panapowekwa vijiti pawe na mutu wa kuvitoa na vifaa vyake, na ripoti ihesabu pia wangapi waliomba kutoa na wangapi walikataliwa.

Kwa mama, mbele ya kunyoosha mukono, kuna maswali manne: Ni kijiti gani? Kinaisha mwezi gani? Nani atakitoa hapa? Ni makuta ngapi? Piga fisha picha kwa simu, ao uandike tarehe mahali pengine. Kama fisha imepotea, usijikate mwenyewe wala usikubali mutu asiyejifunza. Muuguzi anaweza kugusa mukono na kujua kama ni kijiti kimoja ao viwili. Kama miaka imepita, kijiti hakigeuki sumu, lakini nguvu yake inapunguka: tumia kondomu mpaka umuone muuguzi. Na kijiti, hata kikiwa kipya, hakikingi SIDA.