Mshahara wa Mmoja, Maisha ya Wawili

Shoga yangu na mumewe wamenuniana wiki nzima. Bwana anatengeneza programu za kompyuta, na kapata kazi mbili za kuchagua: Marekani au Ujerumani. Yeye roho yake iko Marekani. Simlaumu, maana mwaka 2024 zaidi ya nusu ya wenzake kule walilipwa zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Ujerumani hawafiki huko.

Lakini sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa likizo ya malipo hata siku moja. Ujerumani, kwa wiki ya siku tano za kazi, ni siku 20 kwa uchache.

Kubwa zaidi ni mke. Bwana akienda kwa viza ya H-1B, mkewe atapata H-4, ambayo peke yake haimruhusu kuajiriwa. Bwana akiwa na Blue Card ya Ujerumani, mke anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapofika. Na shoga yangu ni mhasibu, anaipenda kazi yake!

Nimewaambia wakae chini wapige hesabu upya: mshahara unaoingia, na ule utakaopotea. Mkataba anasaini mmoja, ila wanaohama ni wawili.