Mpini wa Kisu cha Idi



Idi ya kuchinja iliyopita, hapa Majoreni, mbuzi alikuwa amekwisha kulazwa kuelekea kibla mpini wa kisu changu ulipozunguka mkononi. Makali nilikuwa nimeyanoa tangu alfajiri, na msuka ulikuwa mzima. Kilicholegea kilikuwa ni mti. Ilinibidi nisite, nikaazime kisu kwa jirani, na mnyama muda wote ule yu chini akingoja. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha ihsani hata katika kuchinja: tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na sote huikumbuka tunapotafuta jiwe la kunolea. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba kisu si makali peke yake.

Kosa lilikuwa langu. Mpini ule nilikuwa nimeuchonga kwa tawi bichi la mwembe. Ulipokauka ulisinyaa, ukaacha nafasi penye noleo. Basi mwaka huu nikaazimia kutengeneza mwingine mapema, na habari zikaenea mtaani.

Haikupita wiki, akanijia kijana mmoja na kipande cheusi kilichofungwa katika gunia. "Ami," akasema, "huu ni mpingo. Ukiupata huu, huhitaji mti mwingine."

Alisema kweli kuhusu ubora wake. Mpingo ni mzito hata huzama majini, haunywi maji upesi, na ukisuguliwa hung'aa bila rangi. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya huutumia kutengenezea zumari zao. Lakini ni mti ukuao polepole mno. Huchukua miongo mingi ya miaka kabla haujafaa kukatwa, na tangu Januari 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi imewekewa masharti chini ya mkataba wa kimataifa.

"Umeukata wapi, mwanangu?" nikamwuliza.

Akainamisha uso. Sikumwuliza mara ya pili. Nilimshukuru kwa kunikumbuka, nikamrudishia gunia lake.

Sitoi fatwa; hayo ni ya masheikh wetu. Ila sisi huuliza sana mbuzi amenunuliwa kwa fedha gani, na ni nadra kuuliza mti umetoka wapi. Msitu wa Kaya Kinondo, ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine katika urithi wa dunia, una wazee wanaoulinda kwa mila za tangu kale. Mikoko yetu nayo ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Mkomafi una mbao nzuri sana kwa mpini, lakini wenzetu wa Gazi, na baadaye wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, wamejifunga kuilinda mikoko hiyo na kupata faida kwa kuiacha imesimama. Nitakwendaje mimi usiku na shoka?

Nilichokihitaji kilikuwa uani kwangu. Mkwaju wa marehemu babu ulikuwa na tawi nene lililoelemea paa, nasi tulikuwa tumekwisha kuazimia kulipunguza. Kiini cha mkwaju mkongwe ni cheusi-kahawia na kigumu, cha kufaa hata kinu. Atakayeutumia achukue kiini tu, kwani ule weupe wa nje hupendwa na wadudu. Asiye na mkwaju aangalie mpera: ni mti mgumu, nao hauvunjiki upesi.

Zaidi ya aina ya mti, yashikeni haya matatu. Kwanza, nyuzi zifuate urefu wa mpini. Zikikatiza, mpini hupasuka. Pili, kipande kikauke kivulini, si juani, na ncha zake zipakwe nta ili zisipasuke. Kipimeni kila wiki katika mizani ya dukani; uzito ukikoma kupungua, kimekauka. Tatu, kazi ya kuunganisha ifanyeni wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, kwani masika huvimbisha mti na kuficha kasoro. Mnaposugua, fungeni kitambaa puani. Vumbi la miti migumu, hasa mvule na mpingo, hudhuru kifua na ngozi.

Kisu kikikamilika, kioshwe na kufutwa mara moja. Msikilaze ndani ya maji pamoja na vyombo vingine.

Kipande changu sasa kina miezi minne juu ya kabati, na mke wangu amekwisha kuchoka kukifutia vumbi. Yule kijana nimemwita aje tukichonge pamoja, na nusu iliyobaki ni yake. Inshallah, Idi ijayo mbuzi hatangoja.

Wabillahi tawfiq.