KINGEREZA CHETU: Maneno Yanafanana, Maana Inapotea

Kamateni kaye na biki, tuanze.

Mwezi huu nitawaelezea habari ya jirani yangu mumoja. Ni baba wa watoto, shofere wa kamio kubwa za kubeba mawe, na Kifaransa chake ni kizuri. Usiku mumoja kamio yake iliteleza ikagonga ukuta wa udongo. Tunashukuru, hakuna mutu aliyeumia. Shefu wa usiku alikuwa mutu wa inje, hajui Kifaransa. Akamwambia: «Andika ripoti kwa Kingereza, sasa hivi.»

Baba yule akaketi, akawaza kwa Kifaransa, kisha akageuza neno kwa neno. Kichwani alikuwa na «J'ignore la cause de l'accident», ni kusema, sijui sababu ya ajali. Ku karatasi akaandika: «I ignore the cause of the accident.» Akatia sahihi, akaenda kulala.

Asubuhi wakamwita ku biro. Wakamuuliza: «Juu ya nini haujali sababu ya ajali?» Yeye akashangaa sana: «Patron, mimi sikukatala! Niliandika tu kama sijue!»

Ndugu musomaji, je, unaona mutego? Mu Kingereza «ignore» haina maana ya kutojua. Ni kuona kitu kiko pale, halafu kukigeuzia mugongo. Baba alipaswa kuandika: «I do not know the cause of the accident.» Bahati, mu biro mulikuwa mutu mwenye kujua luga zote mbili. Akaeleza, maneno yakaisha. Lakini kama mutu yule hangekuwa pale? Karatasi ingebaki mu dosie, na sahihi ya baba chini yake.

Ukikosea kwa mudomo, unaona uso wa mwenzako, unarudilia vizuri. Karatasi haioni uso wa mutu. Inasema tu kile uliandika, hata siku yenye wewe hauko pale kwa kujieleza.

MUTEGO HUU UNATOKA WAPI?

Mu mwaka 1066, watu wa Normandie, wenye kusema Kifaransa, walivuka bahari wakashinda vita mu Uingereza. Mufalme wao na wakubwa wake walitawala kwa Kifaransa, na desturi ile ikadumu miaka mingi sana. Ndiyo maana Kingereza kimejaa maneno ya Kifaransa: «justice», «government», «accident». Kwa sisi wenye kusoma masomo kwa Kifaransa, ile ni mali. Unafungua ukurasa wa Kingereza kwa mara ya kwanza, na tayari unatambua maneno mengi.

Lakini miaka imepita mingi, na maneno mengine yamebadilika maana, kama watoto wa baba mumoja waliokomea mu vijiji viwili. Sura ni moja, tabia ni mbalimbali.

Kwetu hapa jambo hili ni la lazima. Kifaransa ndicho luga ya serikali, ni kweli. Lakini jirani yetu Zambia anaandika kwa Kingereza. Tena, kisha sheria ya migodi ya mwaka 2002, makampani mengi ya inje yaliingia, na mengi yanaandika karatasi zao kwa Kingereza.

MITEGO YA KUANDIKA MU KAYE

1. «Demander». Kijana anaandika «I demand a job». Mwenye kusoma anasikia mutu anapiga meza: nipeni kazi! Andika: «I am applying for the job of» na jina la kazi. Hapo umeomba kwa heshima.

2. «Contrôler». Ukiandika «I controlled the brakes», Mungereza anafahamu kama freni zilikuwa chini ya nguvu zako. Kama ulitaka kusema uliangalia freni ukaona ziko sawa, andika: «I checked the brakes.»

3. «Éventuellement». Kwa Kifaransa ni labda. Lakini «eventually» kwa Kingereza ni mwisho wake itafika. Ukiandika «the wall will fall eventually», umesema ukuta utaanguka kweli, hata ikichelewa. Kwa labda, andika «maybe» ao «possibly».

4. «Actuellement» ni wakati huu. «Actually» ni kwa kweli. Kwa wakati huu, andika «now» ao «at present».

5. «Stage». Kwa Kingereza «stage» ni jukwaa la waimbaji. Kazi ya kujifunza mu kampani ni «internship». Na «formation» ya kazi ni «training».

6. Miaka. Usiandike «I have 22 years». Mungereza hana miaka, yeye ndiye miaka: «I am 22 years old.»

Kiswahili pia kina mitego yake. Kwetu «yeye» ni mwanaume ao mwanamuke. Kwa Kingereza unapashwa kuchagua: «he» ni mwanaume, «she» ni mwanamuke. Ukimwandika muganga mwanamuke kama «he», watatafuta mutu mwingine. Tena sikio letu halitenganishe sauti fupi na sauti ndefu. Ndiyo maana wengi wanaandika «I leave in Kolwezi». Maana yake ni: naondoka. Kukaa ni «live».

HESABU NAZO ZINASEMA LUGA

Hapa mukazie macho, wapenzi, sababu ni mambo ya mushahara na ya tani. Mu Kifaransa, 2,500 ni mbili na nusu. Mu Kingereza, 2,500 ni elfu mbili mia tano. Alama ni moja, lakini tani mbili na nusu na tani elfu mbili mia tano si mamoja! Mbele ya kutia sahihi ku karatasi ya uzito ao ya falanga, uliza alama ile inasema nini. Na «un milliard» ya Kifaransa ni «one billion» ya Kingereza.

Tarehe vilevile. 03/04 kwa Mufaransa na kwa Mungereza ni tarehe tatu ya mwezi wa ine. Kwa Mumarekani ni tarehe ine ya mwezi wa tatu. Dawa ni nyepesi: andika jina la mwezi, «3 April».

TUFANYE NAMNA GANI?

Kwanza, usianze na Kifaransa kirefu. Jiulize kwa Kiswahili cha nyumbani: nataka kusema nini? Sema kwa maneno machache, kisha andika. Sentensi moja, jambo moja. Kifaransa kinapenda barua yenye kumalizika na salamu ndefu. Kingereza hakiombe vile. Ukianza «Dear Sir or Madam», maliza na «Yours faithfully», kisha jina lako. Inatosha.

Pili, rudisha neno kwao. Ukiwa na mashaka, kamata diksionere, utafute neno lile lile ku upande wa Kingereza, uone linakupeleka ku maana gani. Kama «ignore» ingerudishwa kwao usiku ule, jirani yangu angelala vizuri. Telefone yenye kutafsiri inasaidia pia, lakini sahihi ni yako, si ya telefone.

Tatu, kila magaribi andika sentensi tano juu ya siku yako. Asubuhi uzisome kwa sauti. Makosa yenye jicho liliruka, sikio litayakamata.

Ine, musome pamoja nyumbani. Mutoto anajua Kingereza cha masomo, baba ao mama anajua kazi. Mutoto asahihishe luga, muzazi asahihishe ukweli. Mutoto asione haya kumuonyesha baba kosa, na baba asikasirike. Jirani yangu anafanya vile sasa na binti yake wa sekondere. Siku ya posho jioni unawakuta ku meza, kaye katikati, wakicheka «I ignore».

KAZI YA NYUMBANI

Sahihisha mbele ya kuangalia majibu:

a) I have 19 years and I leave in Likasi.
b) Actually I make a stage in a garage.
c) I ignore the name of the nurse. He is my mother's friend. (Muganga huyu ni mwanamuke.)

Majibu: a) I am 19 years old and I live in Likasi. b) At present I am doing an internship in a garage. c) I do not know the name of the nurse. She is my mother's friend.

Kama ulipata zote tatu, fundisha mudogo wako. Kama ulikosa, usivunjike moyo: rudilia kesho. Mubaki salama, tuonane mwezi ujao.